Mtungi wa Samaki kutoka Naivasha

Mvua ya mwaka ilipoanza, mimi na binamu yangu tulishuka bwawani alfajiri na ndoana mbili na kopo la nyungunyungu. Hapa Vitengeni, bwawa likishika maji ndio msimu wa kuvua umeanza. Wiki tatu kabla ya hapo palikuwa tope lililopasuka na nyayo za ng'ombe.

Binamu alikuwa amerudi kutoka Naivasha, alikofanya kazi kwenye mashamba ya maua. Kabla hajatia chambo, alishaanza mipango. "Bro, hawa kambare wetu wadogo mno. Kule kuna samaki wa kizungu anaitwa besi, mdomo mpana hivi, ukimvuta anaruka juu ya maji. Nitaleta wachanga kwa mtungi, niwamwage hapa. Baada ya miaka miwili tunauza."

Nilicheka, halafu nikaona hatanii. Na bwawa si letu wawili. Akina mama huchota maji hapa, mifugo hunywa hapa, watoto hupata kitoweo hapa. Basi nikampa historia ya ziwa alilotoka.

Besi si mzaliwa wa Naivasha. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, pamoja na kando ya ziwa hilo, ili walowezi wapate ardhi. Sisi Wagiriama zamu yetu ilifika 1914, tulipofukuzwa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki. Huko Naivasha, watu walipoondolewa, likafuata ziwa lenyewe. Mwaka 1925 tilapia aliletwa kutoka Mto Athi. Mwaka 1929 akaja besi kutoka Marekani, kwa sababu walowezi walitaka samaki anayepigana kwenye ndoana. Alikuwa mchezo wa Jumapili. Kulisha wenyeji hakukuwa hoja.

"Na leo si watu wanamla?" binamu akauliza.

Wanamla, kweli. Lakini ziwa lile lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, kijisamaki kidogo. Mara ya mwisho kuonekana ni 1962. Besi hula samaki wenzake, kwa hivyo ndiye anayeshukiwa kwanza. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, wakatafuna mimea ya majini. Mwaka 2001 akaonekana samaki mwingine mgeni, kapi, ambaye hakuna aliyempangia safari, na baada ya miaka michache ndiye aliyejaza nyavu. Kila mgeni alibadilisha meza ya waliomtangulia.

"Hayo ulisoma chuo?"

"Chuo niliacha. Haya nimesoma kwa simu, nikiwa sina kazi."

Akavuta mshipi, akakuta chambo kimeliwa. "Wewe unahurumia kijisamaki. Mimi nina mtoto wa kulisha."

Hapo nilinyamaza kidogo, maana alikuwa na haki. Kisha nikamwonyesha ukingo, ile mistari ya maji ya miaka iliyopita. Bwawa letu hukauka. Kambare hupumua hewa na huvumilia tope, besi hawezi. Atakula vifaranga vya kambare mwaka wa kwanza, na ukame ukija atakufa mwenyewe. Tutabaki bila mgeni na bila mwenyeji, na mtungi wako mtupu.

Hakujibu. Tulipata kambare wawili, wa tatu akakata mshipi.

Wakati wa kurudi tukakuta watoto wamechuchumaa kwenye kidimbwi kando ya njia, wanachota visamaki vyenye mikia myekundu kwa kikombe. Binamu akasimama. "Hawa nao wametoka wapi? Hapa majuzi palikuwa pakavu."

Nikamwambia visamaki hawa wa vidimbwi vya Pwani hutaga ndani ya tope, wazazi hufa maji yakikauka, na mayai hukaa humo mpaka mvua irudi. Hakuna aliyewaleta kwa mtungi.

Hakusema kama ameuacha mpango wake. Lakini badala ya kukatiza katikati kama kawaida, alikizunguka kile kidimbwi chote, viatu mkononi, kambare wetu wawili wakining'inia kwenye ufito.