Betri Ishuke Kidoleni

Mgonjwa wa kiharusi akiwa kliniki huminya mpira, huinua kikombe na kufunga vifungo vya shati huku mtaalamu wa fiziotherapia akimpa alama. Akirudi nyumbani, kikombe kama kilekile hukichukua kwa mkono mzima. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, aliieleza hali hii: mgonjwa hujifunza kutoutumia mkono dhaifu, hata pale nguvu zake zinapoanza kurudi. Kwa hiyo saa zinazostahili kupimwa zaidi ni zile ambazo mtaalamu hayupo.

Saa ya mkononi yenye kihisi cha mwendo haitoshi. Mtu akitembea huku mkono ukining'inia, saa huuhesabu kuwa umefanya kazi, ilhali vidole havikugusa kitu. Kihisi lazima kifike kidoleni.

Glavu zilianza zamani. Ile iliyoitwa Glavu ya Sayre, iliyotengenezwa Chicago mwaka 1977 na Daniel Sandin na Thomas DeFanti, ilikuwa na vimirija vya kupitisha mwanga. Kidole kikijikunja, mwanga unaofika upande wa pili hupungua. Lakini glavu hufunika ngozi, na ngozi ya vidole ndiyo inayomjulisha mtu kwamba kikombe ni cha moto au kinateleza. Pete ni afadhali. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walitoa AuraRing: waya mwembamba uliozungushwa mara 800 kwenye pete, ukitoa uga wa sumaku unaosomwa na bangili. Hutumia miliwati 2.3 tu. Hata hivyo ina betri, na betri huchajiwa. Mwenye vidole visivyoshika vizuri ndiye atakayehangaika na pini ya chaji.

Njia nyingine ni kuiondoa betri kidoleni kabisa, ikae kwenye bangili. Bangili hutoa uga wa sumaku unaobadilika, na uga huo ukipita katika koili ya pete huzalisha umeme humo, kama Michael Faraday alivyogundua mwaka 1831. Kadi ya benki ya kugusisha huamshwa hivyohivyo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha pete ya aina hii, isiyo na betri, inayotambuliwa na bangili dole gumba linapoibonyeza.

Gharama yake ni umbali. Uga wa koili ndogo hupungua kwa mchemraba wa umbali: kutoka sentimita 5 hadi 10, hubaki thumuni. Jibu la pete nalo hupungua vivyo hivyo likirudi, na bangili huambulia sehemu 1 ya 64. Koili ikigeuka ikawa ubavu kwa uga, umeme hukatika. Sufuria ya alumini ikisogezwa karibu, uga huvurugika. Na jikoni ndiko mgonjwa anakotakiwa kuutumia mkono.

Usahihi wa milimita, basi, utapotea kiasi. Upotee. Pete inayosema tu kwamba kidole kilijikunja, na mara ngapi tangu asubuhi, ina faida kubwa kwa daktari kuliko ile sahihi iliyolala kwenye droo ikisubiri chaji. Wahandisi wanaoripoti kosa kwa milimita waripoti pia, katika jedwali lilelile, saa ambazo kifaa kilikaa kidoleni mwa mgonjwa.