Makaburi ya Kambi ya Zamani ni ya Nani?



Kila mwaka kijarida hiki hueleza habari za kisima, madawati na zahanati. Safari hii kamati imeniomba niandike historia kidogo. Sehemu ya mchango wa mwaka huu itajenga uzio wa makaburi ya kambi ya zamani, na baadhi ya wanachama wameuliza, tena kwa haki yao, kwa nini tutumie fedha kuzungushia makaburi yasiyo na majina. Nimekuwa nikiyatafuta majina hayo kwa miaka kadhaa, nikianzia na la babu yangu mzaa baba. Nitaeleza nilikopita.

Mkonge wenyewe ni mgeni hapa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Amerika, ikafika hai 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba yote haya mnayoyaona kandokando ya reli, Muheza, Korogwe hadi Mombo. Wenyeji wa huku, Wazigua, Wabondei na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao ya kulima, na si wengi waliokubali kukata mkonge mwezi mzima kwa ujira ule. Kwa hiyo wenye mashamba wakatafuta watu mbali. Mwaka 1944 wakaunda ofisi ya kuandika vibarua, SILABU, na mawakala wake wakafika Kigoma, Njombe, Songea na kwingineko. Wengine walitoka nje ya mipaka kabisa, Msumbiji na Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Kila aliyeandikwa alipewa namba, ndipo wakaitwa manamba. Kule magharibi wazee mpaka leo wanasema fulani "alikwenda manamba", kana kwamba ni jina la mji.

Nilipoanza, nilidhani sensa itanisaidia. Nimesikia kwamba Ulaya na Marekani mtu hufungua kitabu cha sensa ya zamani akamkuta babu wa babu yake kwa jina, umri na kazi. Kwetu sivyo. Waafrika wa Tanganyika walihesabiwa mwaka 1948, kisha 1957, na baada ya Uhuru ikaja sensa ya 1967 iliyohesabu watu milioni 12.3. Vitabu vilivyochapishwa vinatoa jumla: wilaya hii ina Waha kadhaa, Wabena kadhaa, Wamakonde kadhaa. Tangu 1967 swali la kabila halikuulizwa tena. Ukivisoma vitabu hivyo utaona wazi kwamba watu wa magharibi na kusini walijaa wilaya zetu za mkonge, lakini babu yako hayumo. Yumo ndani ya tarakimu tu.

Basi nikarudi nyumbani, kwenye bati la biskuti ambalo bibi alilificha chini ya kitanda. Mlioondokewa na wazee mnalijua bati la namna hiyo. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kazi. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, ambazo kibarua alitakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42; siku uliyoshindwa kutimiza kazi haikuandikwa, na mshahara ulisubiri mpaka kadi ijae. Kwenye kadi palikuwa na namba kubwa, na chini yake jina dogo lililokosewa. Karani alikuwa ameandika alivyosikia. Herufi ya "r" imekuwa "l", na nusu ya mwisho ya jina imeachwa.

Kitu kilichonisaidia zaidi kilikuwa stakabadhi ya kodi iliyokunjwa mara nne. Wengi huzitupa karatasi hizi, na ni hasara, kwani stakabadhi ya kodi hutaja mtu alilipia wapi. Ya babu ilitaja Heru, uliokuwa utawala wa mwami katika Kasulu. Siku ile nilicheza.

Nilisafiri mpaka Kasulu. Tawala za machifu zilifutwa mwaka 1963, hivyo jina la kwenye karatasi si lazima liwe jina la kata ya leo. Tena miaka ya 1970 watu walihamishwa kutoka vilimani wakakusanywa vijijini kandokando ya barabara. Kilima nilichoelekezwa kilikuwa na miti ya matunda iliyozeeka na mawe ya kusagia, nyumba hakuna. Wazee wa kijiji cha karibu walinipokea vizuri sana, wakanilisha, wakataja koo zote za kilima kile. Ukoo wetu haukuwamo.

Niliporudi nilimlalamikia shangazi yangu mkubwa. Akacheka, akaniuliza kwa nini sikumuuliza kabla ya kukata tiketi. Baba yake, alisema, alivuka mto Malagarasi usiku pamoja na kaka yake, wakakaa kwa Waha msimu mmoja wakilima kwa watu, wakalipa kodi kama wenyeji, ndipo wakaandikwa manamba kama Waha. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na karani hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Kwa hiyo karatasi ilisema kweli kuhusu mahali alipolipa kodi. Kuhusu alikozaliwa haikusema kitu, mimi ndiye niliyeisemesha.

Jambo hili si la udadisi tu. Vijana wetu wanapojaza fomu za utambulisho huulizwa wazazi na babu zao walizaliwa wapi. Wengine hubuni jibu, kisha ndugu wa baba mmoja wanatoa majibu matatu tofauti, na hapo maswali yanaongezeka. Familia iliyokaa chini mapema, ikaandika wazee walitoka wapi, walipita wapi na kwa majina gani, hujibu kwa kauli moja.

Majina nayo yana shida yake. Kambini mtu alisilimu akawa Juma, au alibatizwa akawa Yohana, na jina la kwao likabaki midomoni mwa wake na watani. Daftari za ubatizo za parokia zinafaa sana hapa: huandika majina ya wazazi, na mara nyingi pembeni pameongezwa ndoa iliyofungwa baadaye, hata kama ni parokia nyingine.

Lakini hazina kubwa kuliko zote ninayoijua iko hapa hapa kwetu, nayo ni daftari la kufa na kuzikana. Wageni wa kambini hawakuwa na ukoo wa kuwazika, ndipo wakaunda chama cha kuchangiana sanda na chakula cha matanga. Watani walifanya kazi ya kaburi. Mhasibu wao aliandika jina la kambini, jina la kwao, kabila, kijiji alichotoka, nani alichanga na nani alitumwa kupeleka habari. Chama hiki chetu kinachowaomba mchango leo kilitokana na chama kile. Daftari lina kurasa 94, za mwanzo zimeliwa na mchwa, na wino wa nyingine umefifia. Ndani yake babu yangu ametajwa mara mbili: mara moja amechanga shilingi mbili, na mara ya pili ndiye anayezikwa. Safu ya kijiji imeandikwa "ng'ambo ya mto". Aliyeandika alijua ukweli, akauandika kwa adabu.

Nimelinganisha daftari na makaburi kwa msaada wa wazee watatu. Hadi sasa tumetambua 31. Mzee mmoja kati yao amefariki mwezi wa Ramadhani uliopita, na upande wa mashariki ni yeye peke yake aliyekuwa akiufahamu.

Siku ya harambee kutakuwa na meza chini ya mwembe, karibu na jiko. Njooni na mabati yenu: vipande, stakabadhi za kodi, vyeti vya ubatizo, barua, hata picha isiyo na jina. Vijana wawili wa sekondari watazipiga picha na kuwarudishia papo hapo. Na mwenye mzazi aliye hai anayejua upande wa mashariki wa makaburi, tafadhali aje naye. Usafiri wake tutalipa sisi.