Masizi ya Downing Street

Nyumba hiyo unaijua hata kama hujawahi kufika London: matofali meusi, mlango mweusi unaong'aa, namba 10 ambayo sifuri yake imeinama kidogo, na polisi pembeni. Waziri Mkuu wa Uingereza anatoka, anasoma karatasi yake mbele ya kamera, anarudi ndani. Sasa, matofali yale si meusi. Ni ya njano. Weusi unaouona ni rangi ya kwenye kopo, iliyopakwa miaka ya 1960, kwa sababu wenye ofisi waliona watu wasingeitambua nyumba bila huo weusi.

Aliyeijenga mitaa ile, Sir George Downing, hakuwa mtu wa kuaminika sana. Alimtumikia Cromwell kama mkuu wa ujasusi na balozi, na upepo ulipogeuka akamtumikia Mfalme bila aibu yoyote. Kati ya 1682 na 1684 alijenga safu ya nyumba za kupangisha, chapchap na kwa bei ya chini, juu ya ardhi laini, msingi mfupi. Ukuta wa mbele ukachorwa mistari ya rangi ili mpita njia adhani anaona chokaa iliyopangwa vizuri kati ya tofali na tofali. Yaani uongo wa brashi pale ni wa tangu siku ya kwanza. Mwaka 1735 Robert Walpole akahamia, nyumba ikawa ofisi na makazi ya kiongozi wa serikali, na mafundi wa karne ya 18 wakaifanyia ukarabati mkubwa.

Kilichofuata hakikuwa kazi ya fundi yeyote. Tofali la asili la London lina udongo uliochanganyika na chaki, likichomwa hutoka na rangi ya njano iliyofifia. Lakini mji mzima ulikuwa unapika, unaota moto na kuendesha viwanda kwa makaa ya mawe. Ukitaka kujua kilichowapata ukuta na mji, angalia sufuria iliyopikiwa kuni mwaka mzima bila kusuguliwa. Masizi yaliganda polepole mno, hakuna aliyeweza kusema ni lini hasa nyumba iligeuka nyeusi. Baba alimwachia mtoto, mtoto akamwachia mjukuu, na mjukuu akadhani ndivyo ilivyojengwa.

Na watu walizoea, wengine hata wakapenda. Dickens alifungua Bleak House kwa ukungu na masizi, na si kwa kuyasifia. Lakini Monet, alipokwenda London kati ya 1899 na 1901, aliufuata ukungu huohuo kama mtu anayefuata mandhari nzuri, akalichora Bunge likielea ndani yake. Wajenzi nao walijua adui yao ni nani: Makumbusho ya Historia ya Asili, yaliyofunguliwa 1881, yalivishwa vigae vya udongo wa kuchoma kwa sababu, pamoja na mengine, vinaoshwa kwa urahisi.

Halafu ikaja Desemba 1952. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 moshi ulitua juu ya mji ukakataa kuondoka. Hesabu za mwanzo zilitaja watu kama 4,000 waliokufa. Watafiti wa baadaye wamefika hadi 12,000. Mwaka 1956 Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi, na moshi wa majumbani ukaanza kubanwa. Kwa mara ya kwanza baada ya vizazi, ukuta uliosafishwa London ungeweza kubaki safi.

Ni wakati huohuo Downing Street ilipofikia mwisho wa subira yake. Kuta zilikuwa zinatitia, mbao zimeoza, sakafu hazikuaminika. Mwaka 1960 Harold Macmillan akahamia Admiralty House, msanifu Raymond Erith akaanza kazi, na nyumba ilivuliwa karibu mpaka mifupa. (Kwetu hili lina uzito wake: Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, Waziri Mkuu wa mkoloni alikuwa mpangaji wa muda nyumba ya jirani.) Mafundi waliposafisha uso wa mbele, ndipo njano ikajitokeza.

Hapo ndipo pananivutia. Serikali ilikuwa na ukweli mkononi, tena ukweli mzuri: njano ile ndiyo nyumba waliyoingia Mawaziri Wakuu wa karne ya 18. Uamuzi ukawa kuupaka mweusi. Hoja ilikuwa moja tu, kwamba watu wameizoea nyeusi. Bila shaka ilikuwa hoja ya kweli. London ilikuwa inaanza kujiosha, na Kanisa la St Paul's lilipokuja kusafishwa wapo walioona kwamba masizi ni sehemu ya sura yake, kama mvi za mzee. Mimi nawaelewa. Jengo la umma si la aliyelijenga wala la anayelilipia. Lina wenyewe wengine, wale wanaolipita kila siku na kulitumia kama alama ya kuelekezana njia. Ukiligusa, umewagusa.

Ila kuna kitu kinanikera. Masizi yaleyale yaliyokuwa yamejaza mapafu ya watu miaka michache tu kabla yakafanywa heshima. Sheria ikayafukuza hewani, ofisi kuu ya nchi ikayarudisha kwa brashi. St Paul's wangebishana kuhusu masizi ya kweli. Hapa tunazungumzia picha ya masizi.

Na hakuna aliyepewa nafasi ya kukasirika. Wangeiacha njano kwa mwaka mmoja, tungejua. Mfano wa mji uliojaribu upo: Tirana, Albania. Edi Rama, mchoraji aliyechaguliwa kuwa meya mwaka 2000, alikuta mji wa majengo ya kijivu yaliyochakaa tangu enzi za ukomunisti, na pesa ya kuyakarabati hana. Akaanza na rangi. Jengo la kwanza lilipopigwa rangi ya machungwa iliyokolea, anasimulia, magari yalisimama na watu wakajazana kama kwenye ajali. Afisa Mfaransa wa Umoja wa Ulaya, aliyesimamia fedha, alikuja mbio kutaka kuzuia kwa madai kuwa rangi zile hazifikii viwango vya Ulaya. Baadaye wananchi waliulizwa maswali mawili. La kwanza: mnazipenda rangi hizi? Kwa maelezo ya Rama, asilimia 63 walisema ndiyo, 37 hapana. La pili: tuache au tuendelee? Nusu ya wale waliosema hawapendi walitaka kazi iendelee.

Hizo ni takwimu za mwanasiasa anayejisifia kazi yake, tuzipokee kwa chumvi kidogo. Lakini lile swali la pili ni la akili sana. Mtu anaweza kuchukia rangi ya ukuta na bado akafurahi kwamba kuna anayeujali ukuta. Kelele za siku ya kwanza haziwezi kukuambia hilo. Na kimya nacho hakisemi kitu: kaunti ya Mombasa ilipoagiza mwaka 2018 majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe yenye urembo wa bluu, ukuta uliobadilika rangi haukueleza kama mwenye nyumba alipenda au aliogopa faini.

Downing Street haikuulizwa hata swali la kwanza. Mwaka 1991, bomu la IRA lilipolipuka bustanini, mlango wa mbao ulibadilishwa ukawekwa wa chuma, lakini ukapakwa weusi uleule na sifuri ikainamishwa vilevile. Mlango, walau, uliwahi kuonja rangi nyingine: 1908, enzi za Asquith, ulikuwa kijani kwa muda. Ukuta haujapata bahati hiyo. Rangi ikichuja, mpaka rangi anapanda ngazi na kopo lake jeusi, katika mji ambao hakuna tena bomba la moshi wa makaa linaloweza kumsaidia kazi.