Simfonia ya 3 ya Beethoven: Vienna, 1803–1805

Nakala ya simfonia hii inayohifadhiwa Vienna ina tundu kwenye ukurasa wa jina. Hapo paliandikwa Bonaparte. Ludwig van Beethoven alivutiwa sana na Napoleon Bonaparte, mpaka jemadari huyo alipojitangaza kaisari mwaka 1804. Jina likakwanguliwa hadi karatasi ikatoboka.

Wasikilizaji walizoea simfonia za Haydn na Mozart: takriban nusu saa, kila kitu kwa kipimo chake. Hii inakaribia dakika 50. Pembe za okestra ni tatu badala ya mbili za kawaida, na sehemu ya pili ni muziki wa maziko. Ilipopigwa hadharani Aprili 1805, wapo walioiona ndefu kupita kiasi.

Mtindo wa Kiklasiki wa Haydn na Mozart haukufa siku hiyo, ingawa vitabu hupenda kusema hivyo. Umbo la zamani limo. Limetanuliwa tu kubeba hisia za mtu mmoja, na hapo ndipo Waromantiki, akiwemo Berlioz, walipoanzia.

Ukiisikiliza sehemu ya kwanza, ngoja pembe inayoingia mapema, kabla okestra haijawa tayari. Mwanafunzi wa Beethoven, Ferdinand Ries, alidhani mpigaji amekosea. Beethoven alikusudia.