Nuru Iliyofanywa Kisu

Yako maradhi, ewe msomaji, ambayo wazee wetu huyaficha kwa haya. Mojawapo ni kukua kwa tezi dume. Tezi hii huizunguka njia ya mkojo chini ya kibofu. Mwanamume aingiapo uzeeni, aghalabu hukua na kuibana njia hiyo. Mzee huamka mara nyingi usiku, na pengine mkojo hukataa kutoka kabisa. Kukua huku si saratani, ingawa maradhi yote mawili yaweza kumpata mtu mmoja.

Mwanzoni mwa karne ya 20 matabibu waliiondoa tezi kwa kupasua tumbo. Mwaka wa 1926 Maximilian Stern alibuni chombo chembamba kilichopitishwa katika njia ya mkojo yenyewe, na mwaka wa 1931 Joseph McCarthy akakitengeneza kikawa bora zaidi. Waya wenye nguvu za umeme uliikwangua nyama kipande kwa kipande. Njia hiyo ingali inatumika hata leo, lakini yaweza kumwaga damu nyingi.

Mwaka wa 1960, huko California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kwa kutumia yakuti. Nuru ya leza ni ya rangi moja, na kila rangi ina kitu kiinywacho zaidi kuliko vingine. Hapo ndipo ilipo tofauti ya njia nitakazokueleza.

Leza ya neodimiamu, iliyojaribiwa sana mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipenya mno ndani ya nyama. Iliipika tezi badala ya kuiondoa. Nyama iliyokufa ilitoka polepole kwa majuma kadha wa kadha, na mgonjwa akavumilia mpira wa mkojo muda mrefu. Kwa hiyo matabibu wakatafuta njia nyingine.

Ya kwanza ni nuru ya kijani, ambayo hunywewa na damu. Nyama iliyojaa damu hugeuka mvuke mara moja, na damu imwagikayo ni haba. Humfaa mgonjwa atumiaye dawa za kuzuia damu isigande. Upungufu wake ni kwamba nyama iliyokwisha kuwa mvuke haiwezi kuchunguzwa kwa hadubini ili kuitafuta saratani.

Ya pili ni leza ya holmiamu, ambayo hunywewa na maji. Katika miaka ya 1990 Peter Gilling na wenzake, huko Tauranga, New Zealand, waliitumia kuibandua tezi kutoka katika ganda lake, kama utoavyo nyama ya chungwa ukaliacha ganda zima. Vipande husukumwa kibofuni, vikasagwa na kufyonzwa nje, navyo huweza kuchunguzwa. Hata tezi kubwa sana huondolewa hivyo bila kupasua tumbo. Lakini kazi hii ni ngumu, na mkono wa tabibu huchukua muda mrefu kuizoea.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hapa, hata hivyo, tabibu hana budi kuchagua: atazame ukubwa wa tezi, damu ya mgonjwa, na ustadi wake mwenyewe. Nawe ukimwona mzee akiamka usiku kucha, usimcheke. Mshauri kwa adabu amwone tabibu kabla njia haijazibika.