Mkono Uliochora Shamba la Wanyama

Kijana wa Buna aliyechunga ngamia ajua, hata akifumba macho, jinsi mnyama huyo aendavyo: miguu miwili ya upande mmoja huinuka pamoja, kisha miwili ya upande wa pili. Lakini mwambie amchore akitembea katika sinema, ambamo picha 24 hupita katika kila sekunde moja. Hata kama mchoro mmoja watumiwa mara mbili, kijana huyo atatambua mara moja uzito wa kazi aliyoifanya Joy Batchelor.

Bibi huyo alizaliwa Watford, Uingereza, mwaka 1914, akajifunza uchoraji papo hapo. Mwaka 1940 yeye na mumewe John Halas, mzaliwa wa Hungaria, walianzisha kampuni yao ya katuni za sinema. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili waliitengenezea serikali filamu fupi zipatazo 70. Vita vilipokwisha wakambuni Charley, mtu wa katuni aliyewaeleza Waingereza sheria mpya za nchi yao. Hivyo kalamu yake ilizoea mapema kutumika kwa fedha ya mwingine.

Mwaka 1951 walianza kazi yao kubwa kuliko zote: kukigeuza kitabu cha George Orwell, Animal Farm, kiwe sinema ya dakika zipatazo 70. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1954, ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya katuni kutengenezwa Uingereza kwa ajili ya majumba ya sinema. Lakini watazamaji waliokwisha kusoma kitabu walishangaa. Katika kitabu, wanyama wanachungulia dirishani wasiweze kuwatenga nguruwe na binadamu. Hadithi inaishia hapo, kwa huzuni. Katika filamu, wanyama wanaondoka dirishani, wanakusanyika, na kuwapindua nguruwe.

Sababu yake nini? Mkono mtupu haulambwi, wala filamu ndefu haitengenezwi bila fedha nyingi. Miaka mingi baadaye ilifahamika ya kuwa fedha hizo zilitoka kwa siri katika CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa mkono wa Louis de Rochemont. Marekani ilikuwa ikishindana na Urusi, na wenye fedha walitaka mwisho wa kuwatia watu moyo wa kuasi.

Joy Batchelor alifariki mwaka 1991. Ustadi wa michoro ile ni haki yake na wenzake, wala hapana awezaye kuwanyang'anya. Bali mwisho wa hadithi ulikuwa na mnunuzi. Tangu mwaka 1967 msomaji wa Kiswahili anacho kitabu hicho, Shamba la Wanyama, katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Basi na akisome kwanza, ndipo aitazame filamu. Na penye tofauti asiulize tu nani aliyechora, bali pia nani aliyelipa.