Njia ya Kinole ina wenyewe

Anayepanda kwa miguu kutoka Kinole, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, kwa kawaida huelezwa kwamba msitu ulioko juu ndio wa kutazamwa, na vijiji ni vya kupita tu. Maelezo hayo yanaikata historia vipande. Kabla ya Wajerumani kuanza kutenga misitu ya hifadhi, mlima huu ulikuwa na wenyewe: koo za Waluguru, zinazorithishana ardhi kwa upande wa mama, na Kingalu wa Kinole, mtawala aliyetegemewa kwa mvua na ambaye jina lake hurithiwa hadi leo. Hata shamba la kando ya njia ni ushahidi. Mpilipili manga umeparamia shina la mfenesi, migomba inatia kivuli, na minanasi imeshika udongo wa mteremko. Huo ni ujuzi wa watu wanaoujua mlima wao.

Watetezi wa hifadhi watajibu kwamba wakulima hao hao ndio waliofyeka, na bila mpaka wa serikali hata kilele kisingebaki na mti. Hoja hii ina uzito. Pengo la Bunduki, linalotenganisha Uluguru Kaskazini na Kusini, limepoteza msitu wake kwa kilimo. Lakini mpaka ulipofungwa juu, watu waliendelea kuongezeka chini, na shinikizo lote likaangukia miteremko iliyobaki. Isitoshe, serikali nayo iliwahi kukosea vibaya. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ngumu, na mahali pengi matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Wakulima walilalamika, hawakusikilizwa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, huko huko Uluguru. Mtu mmoja akauawa na mpango ukaachwa. Waliokataa walikuwa wameona mavuno yao yakipungua, na kuwaita wakaidi ni kuwadhulumu mara ya pili.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008, na Dar es Salaam inakunywa maji ya Mto Ruvu unaolishwa na vijito vya mlima huu. Ni sababu nzuri ya kuulinda msitu. Ni sababu nzuri pia ya mwongoza wageni kumsimamisha mgeni shambani, amweleze habari za Kingalu na za Matombo, ndipo wapande.